Si Dawa

Kilifika kwa treni, ndani ya soksi.
Shemeji Ruhaga aliifunga mafundo mawili
akaandika juu yake kwa wino: SI DAWA. MSIMEZE.
Anajua mama yake anaishi nami.

Ukubwa wake, ukucha wa kidole gumba.
Butoyi, mhazini wetu, akakipima kiganjani:
"Elfu kumi na nane? Hiki?
Si bora tungenunua kuku, angalau anataga."

Kompyuta ya kikundi tuliachiwa na shule.
Haina sikio la hewani,
ilizaliwa watu wakiongea kwa nyaya.
Matundu yake ya mbele yameliwa na chumvi.
Uvinza hapa chumvi inakula kila kitu:
bawaba, baiskeli, meno ya msumeno.
Nikapiga magoti, nikaizunguka nyuma
kama mnunuzi anayemkagua ng'ombe,
nikapata tundu moja safi.
Kidude kikaingia mara ya tatu.
(Mara ya kwanza huwa kimegeuzwa. Ya pili pia. Usiniulize.)

Kimya.

Kompyuta ikasema haikitambui.
Ikasema: kaniletee programu yake, ipo mtandaoni.
Mtandaoni! Ndiko ninakotaka kwenda, mama wee,
nawe unaniambia ufunguo umesahauliwa
ndani ya nyumba iliyofungwa.
Butoyi alicheka hadi akakalia gunia.

Basi nikaifunga simu yangu kwa waya, kama mbuzi kigingini,
ikainyonyesha kompyuta dakika kumi na moja
na bando langu la wiki nzima.
Nikasoma jina la kiwanda, herufi kwa herufi,
nikaichukua programu kwa mwenyewe aliyekiunda,
si kwa wale wa vitufe vikubwa vya kijani
wanaokupimia na wadudu juu, nyongeza.

Zima. Washa. Subiri.
Halafu taa, ndogo kuliko jicho la dagaa,
ikapepesa.

Nami nilidhani hewa yetu ina moshi wa kuni za kuchemshia chumvi, basi!
Majina yakajipanga kiooni:
GESTI YA BUKURU.
ZAHANATI 2.
TUNAKUONA UKITUIBIA.
Kila jina na kufuli lake.
Miaka yote hii walikuwa wakipita
katikati ya nywele zetu, hatuwaitikii.

Jina moja halikuwa na kufuli: BURE KARIBU.
Butoyi akanyoosha kidole. "Hilo hilo! Tuangalie akaunti."
Nikamshika mkono.
Mji huu hata jiko la mkaa linalazwa ndani,
nani kaacha mlango wazi usiku kucha?
Ama ni mzembe, ama amekaa nyuma ya mlango anakusubiri.
Picha za harusi ya mdogo wako, tazama.
Hela za wanawake thelathini na mmoja, hapana.

Sisi tuna kisanduku chetu, kile cheupe juu ya kabati,
na nywila yake ya kuzaliwa imebandikwa tumboni
hata watoto wanaiimba wakiruka kamba.
Nikaibandua, nikaifuta.
Butoyi akataka jina la mwanawe.
"Unamwita kila magharibi mtaa mzima ukisikia!"
Tukatunga maneno manne yasiyojuana,
moja la Kiha, moja ambalo bibi yake Butoyi
alimtukana nalo karani wa forodha.
Hayo mengine siyaandiki, hata humu.

Barua ya kwanza ilikwenda Kasulu:
Magunia mia mbili, yamekauka, njoo uone.
Kidude kilikuwa cha moto kama paji la mtoto mwenye homa.
Nikakiegesha dirishani kwa waya mrefu,
mbali na masufuria, kipate upepo na kisikie vizuri.

Jioni nakiaga kwanza kiooni, ndipo nakichomoa,
nakirudisha kwenye soksi, chumvi isikionje.
Mama mkwe ananitazama nikifunga fundo.
"Na hicho kinatibu nini?"
Namwambia ndiyo kwanza tumeanza dozi.